Leseni ya Udereva ni Haki ya Mtembea kwa Miguu

Mhadhara kwa wanafunzi wa udereva, wazazi na wakufunzi, Dar es Salaam



Nimeombwa nizungumze juu ya kujifunza udereva na kupata leseni. Najua wengi mmekuja na maswali ya njia: nianzie wapi, nimwone nani, nipeleke karatasi gani. Nitayajibu, kwa sababu anayeijua njia halali hatapeliwi kirahisi. Lakini nimekuja pia na hoja moja, nayo naiweka mezani mapema ili mnipime nayo hadi mwisho.

Hoja yangu ni kwamba leseni ya udereva haikuwekwa kwa faida ya dereva. Gari halimuulizi mtu cheti. Ukiwasha linawaka, ukikanyaga mafuta linakwenda. Anayeihitaji leseni ni mtu aliye nje ya gari. Ni mama anayevuka Buguruni na beseni la samaki kichwani, mtoto wa darasa la pili mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake, mzee anayeelekea msikitini alfajiri kukiwa bado giza. Watu hawa hawamfahamu dereva anayekuja wala hawana namna ya kumjaribu. Serikali inapotoa leseni, inawaambia: huyu tumempima kwa niaba yenu, vukeni. Kama hakupimwa, maneno hayo ni uongo, na anayeulipia ni yule aliyeyaamini.

Leseni ilipokuwa risiti

Tuangalie kidogo historia, kwa kuwa inatuhusu. Mfumo wetu wa barabara, kuanzia kuendesha upande wa kushoto hadi utaratibu wa leseni, tuliurithi kutoka utawala wa Waingereza. Kwao Uingereza, sheria ya mwaka 1903 ilimtaka kila mwenye kuendesha gari awe na leseni. Aliyetimiza miaka 17 alikwenda kwenye halmashauri ya eneo lake, akalipa shilingi 5 za wakati ule, akaondoka na leseni. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kusimamisha gari. Leseni ilikuwa risiti ya malipo, na iliendelea kuwa hivyo kwa zaidi ya miaka 30.

Matokeo yake yalionekana barabarani. Mwaka 1934 watu 7,343 walikufa katika ajali za barabarani nchini humo, wakati magari yote yalikuwa kama milioni 2.4 tu. Karibu nusu ya waliokufa walikuwa waenda kwa miguu. Hapo ndipo Waziri wa Uchukuzi, Leslie Hore-Belisha, aliposimamia mageuzi ambayo mpaka leo tunaishi nayo. Mtihani wa udereva ukawa wa lazima kuanzia tarehe 1 Juni 1935. Kikomo cha mwendo wa maili 30 kwa saa, yaani kilomita 48, kikawekwa maeneo ya makazi. Na vivuko vya waenda kwa miguu vikawekewa nguzo za mistari myeusi na myeupe zenye tufe la rangi ya chungwa juu yake.

Nawaomba muone kwamba mambo hayo matatu yalikuja karibu kwa pamoja. Mtihani, kikomo cha mwendo na kivuko vilikuwa jibu la swali moja: atavukaje mtu asiye na gari? Mtihani wa udereva ulizaliwa tumbo moja na kivuko. Kwa hiyo mtu anayejivunia leseni huku akipita kivukoni bila kupunguza mwendo hajaelewa kilichoandikwa kwenye kadi iliyo mfukoni mwake. Naye anayenunua leseni bila mtihani anaturudisha mwaka 1903, ila safari hii magari ni mengi zaidi na yana kasi kubwa zaidi.

Njia halali

Hapa Tanzania Bara tunaongozwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 pamoja na marekebisho yake. Njia yake si ndefu kama watu wanavyotishana. Unaanza kwa kupata leseni ya kujifunzia. Unasoma katika chuo cha udereva kinachotambuliwa, darasani na barabarani, ukiwa kwenye gari lenye herufi L nyekundu mbele na nyuma, mwalimu akiwa pembeni yako. Ukimaliza unapata cheti cha chuo. Unakwenda kwa askari wa usalama barabarani mwenye dhamana ya kutahini, anakupima, na ukifaulu anakupa hati ya kuthibitisha umahiri wako. Kwa hati hiyo, pamoja na namba yako ya mlipakodi, unakwenda Mamlaka ya Mapato, unalipa, unapigwa picha, unachukuliwa alama za vidole, leseni inachapwa.

Zingatieni mgawanyo wa kazi ulivyo. Chuo kinafundisha, Polisi wanapima, Mamlaka ya Mapato inapokea ada na kutoa kadi. Aliyetunga utaratibu huu alitaka anayepokea fedha asiwe ndiye anayeamua kama unajua kuendesha. Ni busara kubwa, na kila njia ya mkato inayobuniwa mitaani inalenga kuivunja.

Leseni zenyewe zina madaraja. Daraja A ni la pikipiki. Daraja D ndilo la gari dogo la binafsi, ambalo wengi wenu mnalifuata. Daraja E ni la magari makubwa ya mizigo. Daraja C, pamoja na migawanyo yake, ni la kubeba abiria, na hilo halipewi mtu anayeanza: anatakiwa awe ameshaendesha kwa miaka kadhaa, kisha apitie mafunzo maalumu, kama yale yanayotolewa na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo. Mantiki ya madaraja ni ile ile niliyoanza nayo. Kadiri idadi ya roho unazozibeba au unazoweza kuzidhuru inavyoongezeka, ndivyo jamii inavyokudai uthibitisho mkubwa zaidi.

Sasa nizungumze juu ya vishoka. Mnawajua. Kijana anakusubiri nje ya ofisi na faili kwapani, anakuita "bosi" au "dada yangu", anakwambia usihangaike na foleni, lete picha mbili na hela kidogo, leseni utaifuata keshokutwa. Namsihi kila aliye hapa amkatalie. Ziko sababu za kisheria, na wengine wameshatapeliwa wakapewa kadi bandia. Lakini sababu kubwa ni kwamba kishoka hana uwezo wa kukuuzia kitu unachokihitaji. Unachokihitaji ni mguu unaojua breki iko wapi pale ambapo akili haina nafasi ya kufikiri. Mguu huo haupatikani kwa njia ya mkato.

Tunachofundisha na tunachokisahau

Sasa nageukia upande wetu sisi wakufunzi, na nitasema wazi. Muda mwingi wa mafunzo tunautumia kwenye chombo. Mwanafunzi anapelekwa mlimani. Gari limeelekea juu, handibreki imevutwa, mguu wa kushoto umekanyaga klachi hadi chini, gia namba moja imeingia. Anaambiwa aachie klachi polepole hadi mlio wa injini uwe mzito na boneti inyanyuke kidogo. Hapo klachi imeshika. Anaongeza mafuta, anaachia handibreki, gari linapanda bila kurudi nyuma hata shibiri moja. Akikosea, gari linazima, na daladala iliyo nyuma inaanza kupiga honi.

Ni somo zuri na silidharau. Anayelijua vizuri ataelewa pia kwa nini dereva wa lori anayeteremka Kitonga, mkoani Iringa, lazima ashuke kwa gia ndogo: injini ibebe uzito, breki zisichemke zikapoteza nguvu katikati ya mteremko. Lakini tazameni hali yetu. Magari mengi tunayoagiza kutoka Japani ni ya otomatiki. Kijana anatumia wiki nzima akipambana na klachi, kisha maisha yake yote anaendesha gari lisilo na klachi. Macho yake, ambayo atayahitaji katika kila gari na kila siku, ndiyo tuliyoyapa muda mdogo.

Kenya, kwa miaka mingi, mtahiniwa alisimamishwa mbele ya ubao wenye mfano wa mji, akakisogeza kigari kidogo kwenye njia panda na mizunguko huku akieleza anachofanya. Ubao ule unafaa kupimia kama mtu anajua kanuni za kupishana. Ila kwenye ubao hakuna mtoto anayekimbilia mpira, wala kiza, wala mvua ya masika. Kanuni ni mwanzo wa udereva, na asiendelee yeyote akidhani ni mwisho wake.

Hesabu ambayo kila mwanafunzi aifanye

Nawaletea hesabu moja. Ningependa kila chuo kiifanye uwanjani, kwa futi ya kupimia na matofali.

Dereva makini akiona hatari, hupita takriban sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki. Katika sekunde hiyo gari bado linakwenda kwa kasi ile ile. Kisha breki zinaanza kazi. Tuseme lami ni kavu, matairi ni mazima na breki zinashika vizuri. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari litapita mita 14 kabla ya breki, na mita nyingine 14 likiwa kwenye breki. Jumla mita 28. Kwa mwendo wa kilomita 80, jumla ni mita 57. Kwa kilomita 100, ni mita 83. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kushika breki unaongezeka mara nne. Lami ikilowa, umbali wa breki waweza kufika maradufu.

Sasa wekeni mtoto mita 28 mbele ya gari. Ametokea nyuma ya daladala iliyosimama kituoni. Dereva aliyekuwa kwenye kilomita 50 anakanyaga breki na gari linasimama mbele ya mtoto, akiwa ameponea chupuchupu. Dereva wa pili alikuwa kwenye kilomita 60, kumi tu zaidi. Wengi wetu tunasema kumi si kitu. Gari lake linamfikia mtoto likiwa bado na mwendo wa kilomita 39 kwa saa. Dereva wa tatu alikuwa kwenye kilomita 80. Yeye anapokanyaga breki zimebaki mita 6 tu, na anamgonga mtoto kwa kilomita 73 kwa saa. Mtoto ni yule yule, mahali ni pale pale, na madereva wote watatu wana macho mazuri na miguu myepesi. Kilichoamua uhai ni mshale wa spidi kabla mtoto hajaonekana.

Ndiyo maana sheria yetu imeweka kilomita 50 kwa saa kuwa kikomo kwenye maeneo ya makazi. Kibao kile chenye duara jekundu hakikuwekwa ili askari apate mahali pa kujificha. Ni hesabu hii iliyofupishwa ili isomeke kwa sekunde moja.

Na kwa kuwa tuko kwenye hesabu, ongezeni simu. Kwenye kilomita 80, anayeinamia ujumbe kwa sekunde 3 amesafiri mita 67 bila kuangalia mbele. Huo ni karibu upana wa kiwanja cha mpira, umevukwa na mtu aliyefumba macho.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021. Ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wenye umri kati ya miaka 5 na 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki, watu wasio na bati la kuwakinga. Na vifo 92 kati ya kila 100 vinatokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, nchi kama zetu.

Pamoja na hayo bado tunasimama msibani na kusema ajali haina kinga. Methali hiyo inafariji, na mfiwa anastahili faraja. Lakini dereva hana ruhusa kuitumia. Nimewaonyesha hivi punde kwamba kinga ipo na ina kipimo: ni tofauti kati ya 50 na 60.

Somo la kwanza lifanyike kwa miguu

Kwa imani hiyo, mwanafunzi wangu mpya simpi usukani siku ya kwanza. Ninampeleka Barabara ya Mandela wakati wanafunzi wa shule wanatoka, tunasimama pembeni, tunavuka kwa miguu. Namwambia aangalie kama mtu anayetaka kuvuka. Anaona jinsi gari la kwanza linavyosimama kivukoni, na la njia ya pili likapita kwa kasi pembeni yake, kwa sababu dereva wake ameona gari limesimama lakini hakujiuliza kwa nini. Anaona mtoto akishindwa kukadiria kasi ya lori, akidhani bado liko mbali. Anaona mama akisubiri, akisonga hatua moja, akirudi, akikimbia hatimaye na mzigo kichwani. Anaona bodaboda akipenya kushoto, pale ambapo hakuna anayemtazamia.

Baada ya hapo ndipo tunaingia garini. Na huyo mwanafunzi, akiona gari lililo mbele limesimama kivukoni, hanihitaji nimwambie aache kulipita. Ameshakuwa mtu wa upande wa pili. Nawaomba wakufunzi wenzangu walijaribu somo hili. Halina gharama ya mafuta wala ya matairi.

Utingo na bodaboda

Siwezi kumaliza bila kuwataja vijana ambao hawajawahi kukaa kwenye darasa la udereva. Kuna utingo aliyejifunza kwa kumtazama dereva wake safari baada ya safari, akapewa kuegesha lori usiku, kisha siku moja akapewa barabara. Wengi wao ni mafundi kweli wa chombo, wanaujua mlio wa injini kuliko mimi. Kuna kijana wa bodaboda aliyefundishwa na rafiki yake jioni moja uwanjani, na asubuhi akaingia kwenye mkataba wa pikipiki ya mtu, akidaiwa hesabu, yaani malipo ya mwenye pikipiki, kila siku jioni.

Vijana hawa tusiwatukane. Wamejifunza kwa njia waliyoipata, na wengi wanatunza familia. Lakini wana haki ya kufundishwa, na abiria wao wana haki ya kubebwa na aliyepimwa. Mwenye pikipiki anayemkabidhi kijana chombo bila kumuuliza leseni ameshiriki katika kila jeraha litakalotokea. Hesabu ya wiki moja tu, akiiachia ilipie ada ya chuo, ingeokoa pikipiki yake, mguu wa kijana na maisha ya abiria. Na vijiwe vya bodaboda vina viongozi, vina daftari la wanachama, vina michango ya misiba. Viweke pia mchango wa leseni, kabla ya msiba.

Wito wangu

Wazazi, kijana wenu akimaliza shule mkataka kumlipia udereva, mlipieni masomo, msimlipie kadi. Mkisikia kwamba kuna mtu anaweza kuimaliza shughuli kwa siku mbili, jueni anawauzia hatari ya mwanenu mwenyewe. Na akishapata leseni, kaeni naye garini miezi ya mwanzo, mchana na usiku, kwenye mvua na kwenye vumbi, kwa sababu leseni inathibitisha kwamba anaweza kuanza.

Wakufunzi, tuwape wanafunzi macho kabla ya kuwapa klachi. Tusimpe cheti ambaye sisi wenyewe tusingemwachia watoto wetu awapeleke shule.

Askari mnaotahini, kazi yenu ni ya heshima kuliko inavyosemwa mitaani. Mnapomwambia mtu "hujafaulu, kajifunze tena", kuna mama Buguruni ambaye hatajua kamwe kwamba mmemlinda. Mwambieni bila kuona haya na bila kupokea kitu.

Nanyi vijana, mkifeli jaribio la kwanza msione aibu. Aibu ni kufaulu usichokijua. Mkiipata leseni, kila mnapokaribia kivuko punguzeni mwendo, hata kama hamuoni mtu, hata kama aliye nyuma anapiga honi. Mtakuwa mmeahidi mbele ya taifa kwamba asiye na gari atavuka salama. Timizeni ahadi hiyo kila siku mnapokaa nyuma ya usukani, askari awepo au asiwepo.